Mume wangu alipanda miti mama kando ya barabara, sasa hataki kugusa mche

Wakuu, salamu kwenu nyote, walio mjini na walio ushago.

Haya ninayoandika yametokea nyumbani kwangu na sijayatia chumvi. Nikikosea, nitakuwa nimekosea mpangilio tu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, nacheka na visa vya watu halafu nafunga simu. Leo ni zamu yangu, na kwa bahati mbaya sina cha kuchekesha.

Kwa kifupi ni hivi. Mume wangu alikuwa mtu wa miche. Ndiyo kazi niliyomkuta nayo, ndiyo aliyonitongoza nayo (aliniletea mche wa lukwati, mti wa matunda, badala ya maua, mniambie kama huyo ni mtu wa kawaida).

Sasa ameacha. Hataki kuigusa wala kuizungumzia. Mimi nataka kumrudisha na sijui nianzie wapi. Ndiyo sababu ya huu uzi.

Tunaishi Satellite, hapa Nairobi. Mimi niko mapokezi kwenye kliniki ya meno huko Muthangari, kazi yangu ni kuwaambia watu wenye maumivu wasubiri kidogo. Yeye, nitamwita Baba Mumo kwa sababu hata mamake siku hizi humwita hivyo, alikuwa na kitalu cha miche kando ya Waiyaki Way, karibu na pale unapoingilia kwenda Loresho.

Mkipita huko mmeviona vitalu vya aina hiyo. Miche imepangwa safu kwa safu, maua mbele, miti ya matunda nyuma, vyungu pembeni. Wenye magari hupunguza mwendo, wanashusha kioo, wanauliza bei bila salamu.

Sasa kuna jambo moja la hii kazi lazima niwaeleze, la sivyo mengine hayataeleweka.

Mtu wa miche wa kando ya barabara hapandi kitu ardhini. Kila kitu kiko kwenye karatasi nyeusi za miche, au kwenye mkebe, au kwenye chungu. Atauza miti mwaka mzima na yeye mwenyewe hana hata mmoja ulioshika udongo.

Hakuna mahali sheria hiyo imeandikwa. Ni vile wao hufanya. Pale si pao, ni pa barabara. Siku wenye barabara wakija, unapakia mkokoteni, unavuka upande wa pili, unangoja vumbi litulie, unarudi. Huwa wanapigiana simu: "Wameshafika hapo chini, beba."

Tangu nimjue Baba Mumo amehamishwa hivyo mara kadhaa. Alikuwa akirudi nyumbani na mchanga hadi kwenye masikio, anavua viatu mlangoni na kucheka. "Mama Mumo, leo nimehamisha msitu." Kesho yake anauza kama kawaida.

Nataka mkumbuke huyo mtu wa kucheka mlangoni, maana ndiye ninayemtafuta.

Basi kukaja mafunzo.

Yalikuwa ya wenye biashara ndogo, bure kabisa, chai na mandazi juu, katika jengo moja la Moi Avenue huko tao. Mada ilikuwa jinsi ya kuingiza maendeleo endelevu kwenye mpango wa biashara yako. Mteja mmoja ndiye aliyepeleka jina lake. Baba Mumo aliniambia anaenda kwa sababu ya mandazi, na mimi nilimwamini.

Alirudi akiwa mtu mwingine. Mwalimu wao, dada mchangamfu sana, aliwaambia biashara hata iwe ndogo namna gani inafaa kufikiria mambo matatu kwa pamoja: mazingira, watu na faida. Na isifikirie ya leo tu, ifikirie miaka kumi mbele. Nilimsikia akiyarudia bafuni kama mtu anayejifunza wimbo wa kwaya.

Kilichomshika ni kwamba alikuwa akijiona mtu wa mazingira tayari. Si anauza miti? Kumbe alipoanza kupiga darubini biashara yake mwenyewe, akakuta kila mti unaotoka pale unatoka na karatasi ya plastiki, na mteja anaitupa hapo hapo kwenye maua yake. Maji tulikuwa tunanunua kwa mitungi. Wanaume wawili waliokuwa wakimsaidia walilipwa jua likiwaka, mvua ikinyesha wanarudi nyumbani mikono mitupu, ilhali mvua ndiyo inayokuza hiyo miche.

"Tunauza green lakini sisi si green," aliniambia. Alikuwa ameumia kweli.

Akapanga. Na wakuu, alipanga vizuri, nitamtetea kwa hilo hadi kesho.

Maji ya mvua yatatoka kwenye paa la gereji ya jirani, tukaongea na mwenye gereji akakubali, yaingie kwenye tangi juu ya msingi wa saruji. Mbolea itatoka kwa akina mama wa mboga wa Kangemi, yale majani ya kabeji wanayotupa. Wale wanaume wawili watalipwa kwa wiki, mvua au jua. Miche midogo itakuzwa kwenye matuta ardhini, na ikiuzwa itafungwa kwa maganda ya mgomba badala ya plastiki.

Halafu miti mama.

Kwa wasiojua: avocado ya mbegu huchukua miaka mingi kuzaa, na hujui itazaa nini. Kwa hivyo unakata kijiti kwenye mti unaozaa vizuri, unakipandikiza kwenye mche mchanga, na huo mche unazaa mapema matunda yale yale. Ule mti unaokatwa vijiti ndio mti mama. Sisi tulikuwa tunanunua vijiti kutoka mbali, vingine vinafika vimekauka. Baba Mumo akaamua atakuwa na miti mama yake.

Na mti mama hauwezi kuishi kwenye karatasi. Unahitaji ardhi.

Nilimuuliza. Si kwamba sikuuliza. Nilimwambia, "Na barabara, Baba Mumo?"

Akaniambia, "Barabara iko hapo, na sisi tuko hapo. Miaka yote hii si tumekaa? Sasa mtu ata-plan aje miaka kumi na kila kitu yake iko kwa karatasi?"

Wala sijilaumu kwa kunyamaza. Mngemwona siku hiyo msingemkatalia. Mtu aliyeacha shule kidato cha pili kwa kukosa karo, amekaa ameshika kalamu, anasema neno "endelevu" kama la kwao.

Siku ya mwisho ya mafunzo kila mmoja alisimama kueleza mpango wake, na sisi wa nyumbani tukaalikwa. Nilivaa vizuri. Kulikuwa na sehemu ya hatari zinazoweza kukumba biashara. Watu wakataja ukame, bei, wadudu, ugonjwa, wizi.

Hakuna hata mmoja aliyetaja mahali alipokaa.

Nimefikiria sana jambo hilo tangu wakati huo. Kulikuwa na mama wa saluni iliyo ukingoni mwa mto, fundi wa viatu aliyekaa kwenye ngazi za jengo la watu, mwenye juisi aliye njiani ambapo watu hupita. Chumba kizima tulikuwa tumekaa pa wengine. Sidhani tulisahau. Ukiliuliza hilo swali, mpango wote unaishia hapo, na kila mtu alikuwa ameshaupenda mpango wake. Hata mwalimu hakuuliza. Tulipigiana makofi tukala mandazi.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika hapo chini, "Lakini mlikuwa road reserve na mlijua." Ndiyo, tulijua pale ni pa barabara. Tulia, nafika huko.

Miti mama ikapandwa nyuma kabisa, karibu na ukuta. Avocado na lukwati, na muringa mmoja wa kivuli. Siku ya kupanda, jirani yake Mama Wairimu alisimama akatazama. Huyu mama anauza maua na vyungu, na watu wao wako sehemu hizo tangu kabla ya lami. Alimtania, "Kwani Baba Mumo umenunua Waiyaki Way na hujatuambia?"

Wakacheka. Lakini sikilizeni hili. Msimu uliofuata nilipopita pale nilikuta Mama Wairimu naye amechimba kashimo kadogo akapanda waridi ardhini. Nilipomuuliza akaona haya. "Si ni hii moja tu. Huyu bwana yako amenipatia tamaa."

Mambo yakaenda. Sitawadanganya kwamba tulitajirika, lakini yalienda. Watu wa Loresho walipenda yale maganda ya mgomba, wanapiga picha. Shule moja ilichukua miche kwetu. Wale wanaume wawili walikaa, hawakutoroka. Mti mama wa kwanza ulipotoa vijiti vya kutosha, Baba Mumo alinipigia simu kazini, na mimi nina mgonjwa mbele yangu ameshika shavu, akaniambia tu, "Zimeshika." Nikajua ni vijiti vya mti wetu vimeshika kwenye miche.

Alianza kuongea kwa namna mpya. "Mwaka kesho." "Mumo akimaliza shule." Sijui kama mnaelewa maana ya hilo kwa mtu ambaye maisha yake yote amekuwa tayari kubeba.

Samahani, nilienda kuepua chakula. Naendelea.

Siku moja alifika akakuta alama ya X, nyekundu, kwenye msingi wa tangi.

Hapo ndipo nilipoelewa ile kazi ya karatasi na mikebe. Miaka yote watu wa barabara walipokuja na rangi yao, hapakuwa na pa kuipaka. Utapaka X kwenye mche wa waridi? Sasa tulikuwa na kitu cha kupakwa rangi.

Walisema njia ya maji inapanuliwa na ya waenda kwa miguu inatengenezwa. Walitoa muda wa kuondoka. Sitawasingizia: walikuwa na adabu, na pale ni pao. Ningependa sana kuwa na mtu wa kumtukana, lakini hakuna. Hilo nalo linaniudhi.

Wenzake walifanya kama wanavyofanya siku zote. Walipigiana simu, mikokoteni ikaja, wakabeba. Ndani ya muda mfupi upande ule ulikuwa mtupu. Mwenye kitalu aliyebaki ni mmoja tu, anachimba.

Baba Mumo alichimba kuzunguka miti mama, yeye na wale wanaume wawili. Mti ulioshika ardhi miaka hauhamishwi kama mche. Mizizi imeenda kwenye mawe, imepita chini ya ukuta. Walikata walichoweza kukata, wakafunga kwa magunia. Ya lukwati haikutoka kabisa. Muringa hawakujaribu.

Mama Wairimu alikuwa ameshavuka barabara na vyungu vyake. Aliacha waridi lake. Alirudi akamwambia, "Baba Mumo, wachana nayo sasa. Miti utapanda ingine." Akaendelea kuchimba. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, na sikuwahi kumwona akikosa kumjibu mtu mzima.

Tingatinga lilipofika, dereva alizima injini akamngoja amalize mti wa mwisho. Alimngoja kweli. Halafu akawasha.

Msingi wa tangi ulikataa kidogo. Nilijikuta nafurahi ulivyokataa. Kisha ukavunjika.

Mteja wetu mmoja wa Loresho, daktari mstaafu, mzee mpole, alikubali ile miti ya avocado ipelekwe kwake, ipandwe nyuma ya nyumba. Alitoa hata gari lake. Kila Jumamosi Baba Mumo alienda kuimwagilia. Aliijengea kivuli cha magunia. Alipunguza majani ili isichoke. Alifanya yote yanayofanywa.

Mimi nilianza kuamini. Nilimwambia mmoja tu ukipona, unaanza upya na huo mmoja. Akasema, "Mmoja inatosha."

Ikanyauka mmoja baada ya mwingine. Mmoja ulitoa chipukizi, akaja nyumbani na uso wa zamani, tukala vizuri siku hiyo. Wiki iliyofuata chipukizi likawa jeusi.

Mzee alimpigia mwenyewe, kwa heshima, akamwambia kwamba amemwomba mtunza bustani wake aiondoe kwa sababu imekuwa kuni, na kwamba anasikitika. Baba Mumo alimshukuru. Akakaa kwenye kiti. Mumo akamletea chai, ikapoa.

Ni karibu mwaka sasa. Anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa karibu na Satellite, anapakia simenti. Anaamka, anaenda, anarudi. Hanywi, hanipigi, haniongeleshi vibaya. Ukimtazama utasema mume mzuri. Lakini akivua viatu mlangoni hasemi kitu.

Nilijaribu. Kanisa letu lina kipande cha nyuma ambacho hakitumiki, na wazee wa kanisa walikubali kutupatia kwa maandishi, kwa miaka mingi, tukilipa kidogo. Maandishi hayo ndiyo kitu ambacho hatukuwa nacho wakati wote ule. Nilikuja nyumbani karibu nikikimbia. Nilimweleza mezani, nikamwonyesha na picha ya mahali.

Aliitazama vizuri tu. "Ni pazuri," akasema. "Wapatie mtu mwingine."

Nililia bafuni. Hata mtu nisiyemjua asingekuwa mbali nami hivyo.

Kama mnataka funzo, ninalo, ingawa limechelewa. Wakuu wenye biashara ndogo, mkiitwa kwenye hayo mafunzo nendeni, ni mazuri, na mpango wa maendeleo endelevu si maneno ya wazungu wala ya wenye maofisi. Maji, taka, mshahara wa mtu anayekusaidia, hivyo vyote tulivirekebisha na biashara ikawa bora. Lakini kabla hujaandika miaka kumi, andika kwanza umekaa pa nani, na huyo mwenye pale amekupa nini mkononi. Ukiona aibu kuandika, hapo ndipo pa kuanzia. Na ninyi mnaofundisha, tuulizeni hilo swali hata kama darasa litanuna. Sisi tulifundishwa kufikiria mbali tukiwa tumesimama mahali ambapo hatujui ya wiki ijayo, na aliyeamini zaidi ndiye aliyeumia zaidi. Wenzake ambao hawakuandika chochote walishafungua upande wa pili, wanauza.

Nina hasira, naomba mnivumilie.

Sasa kilichonifanya niandike leo badala ya siku nyingine.

Jumapili tulikuwa tunakula, sote watatu. Simu ya Baba Mumo ikaita. Spika yake ya sikio iliharibika, kwa hivyo huweka ya nje, na kila anayempigia sote tunamsikia.

Ni sauti ya mama, mchangamfu, akimwita kwa jina lake halisi. "Niaje, ni Kyalo wa miche? Ni mimi wa huku Muthangari, uliniuzia ile avocado yako ya graft, ile ulisema ni ya mti yako mwenyewe. Kyalo, imezaa. Yaani ka-mti kadogo na imezaa, watoto wameshakula. Nataka zingine mbili kama hiyo, nipelekee mamangu nyumbani."

Mumo aliacha kutafuna. Mimi nilishika ukingo wa meza.

Baba Mumo alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Umekosea namba, mama."

Akaweka simu chini, akaendelea kula.

Aliposimama kunawa, nilichukua ile namba. Sijampigia yule mama bado. Anaishi karibu na kliniki yetu, ninaweza kufika kwake kwa miguu wakati wa chakula cha mchana. Mti wake ni mtoto wa miti yetu, na vijiti vyake vitazaa yale yale. Akinikubalia nitakata, nitavifunga kwa kitambaa chenye maji, nitavifikisha nyumbani kabla havijakauka. Kisu cha Baba Mumo cha kupandikizia bado kiko, nimekiona.

Lakini naogopa. Nikiviweka mbele yake na akanitazama kama alivyoitazama ile picha, sitakuwa na kitu kingine cha kumletea.

Vijiti vikishakatwa havingoji siku nyingi, kwa hivyo lazima niwe na uhakika kabla sijaenda kwa yule mama. Aliyewahi kuishi na mtu aliyezima hivi naomba aniambie hapo chini, hata kwa mstari mmoja: huwa unamngoja aamke mwenyewe, au unamwekea vijiti mezani?